Mfuko Mmoja wa Urea na Ndoo Mia Mbili za Samadi

Shangazi yangu analima mahindi Mbozi, ekari tatu zilizogawanyika mashamba mawili, na kahawa kidogo nyuma ya nyumba. Kiangazi kilichopita nilipokwenda kumsalimia alinipeleka shamba la juu, akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole likageuka vumbi jeupe. "Mwanangu," akasema, "udongo huu umeshazoea mbolea. Zamani mfuko mmoja ulitosha ekari nzima. Sasa hata ukitia miwili, mahindi yanakutazama tu."

Kauli hiyo nimeisikia Njombe, nimeisikia Songea, na rafiki zangu wa Trans Nzoia kule Kenya wanaijua. Udongo umezoea mbolea. Mabwana shamba wengi wakiisikia hutabasamu, wakaanza kumweleza mkulima kwamba udongo si mtu, haulewi wala hauzoei. Wako sahihi, lakini hapo mazungumzo hufa. Mkulima anabaki na swali lake, na wa kwanza kumjibu anakuwa mtu wa pili, yule anayemwambia aachane kabisa na "chumvichumvi", yaani mbolea ya viwandani, arudi kwenye samadi ya mababu.

Mimi naona shangazi ameona sawasawa. Alichokosea ni jina la ugonjwa.

Tufanye hesabu ya kinachoondoka shambani. Ekari ikitoa magunia 20 ya kilo 100, hizo ni tani mbili za nafaka, na ndani yake zinaondoka takribani kilo 30 za naitrojeni, kilo sita hivi za fosforasi na kiasi kama hicho au zaidi kidogo cha potasiamu. Hiyo ni nafaka peke yake. Potasiamu nyingi imo kwenye mabua, na mabua yakishavunwa mahindi huliwa na ng'ombe wa jirani au huchomwa moto ili shamba liwe safi. Ipo pia salfa, ipo zinki, ipo magnesiamu. Mkulima anarudisha nini? DAP ya kupandia, yenye naitrojeni na fosforasi, na urea ya kukuzia, yenye naitrojeni tupu. Vingine vyote vinachukuliwa kila mwaka bila kulipwa, na siku moja kimojawapo kinapungua kiasi kwamba hata ukimwaga urea nyeupe pe juu ya ardhi, mmea hauwezi kuitumia.

Juu ya hapo kuna tindikali. Urea, DAP na hasa SA (salfeti ya ammonia) zikigeuka udongoni huacha uchachu, kidogo kidogo, msimu baada ya msimu. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umezidi), alumini iliyokuwa imelala inaanza kuyeyuka. Inadumaza mizizi na inaikamata fosforasi. Mkulima ananunua DAP kwa pesa ya kuuza mbuzi, anaifukia, na udongo unaifungia ndani kabla mmea haujaigusa. Katika hali hiyo mfuko wa pili kweli hauonekani. Dawa yake ya kwanza ni chokaa ya kilimo, na samadi husaidia kwa sababu hupunguza makali ya alumini.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: mboji. Lile vumbi jeupe mkononi mwa shangazi lilikuwa udongo uliokwisha mboji, ile sehemu nyeusi inayoshika maji, inayoshika virutubisho, inayofanya bonge libaki bonge. Udongo usio na mboji ni kama chekecheo. Unaweka urea leo, kesho kutwa inanyesha mvua kubwa, naitrojeni inashuka chini kuliko mizizi inavyofika. Hakuna mfuko wa dukani unaorudisha mboji kwa kilo 50.

Kwa hiyo samadi inahitajika, wala sina shaka. Shaka yangu iko kwenye namna tunavyoizungumzia, kana kwamba ni badala ya mbolea ya viwandani kwa kipimo cha moja kwa moja, toa hii weka ile.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Samadi ya ng'ombe wa wakulima wetu, ikiwa imekauka na haijachanganyika sana na mchanga, ina naitrojeni karibu asilimia moja. Ili upate kilo 23 unahitaji zaidi ya tani mbili za samadi kavu. Ndoo moja ya lita 20 hubeba takribani kilo kumi za samadi kavu. Hizo ni ndoo zaidi ya mia mbili. Na anayebeba ndoo hizo mia mbili katika nyumba nyingi za kwetu ni mwanamke, kichwani, kutoka zizini hadi shambani, jua la Septemba.

Hesabu haijaisha. Naitrojeni ya urea iko tayari mara mvua inaponyesha. Ya samadi imefungwa ndani ya mabaki ya majani ambayo vijidudu lazima viyaozeshe kwanza. Msimu wa kwanza mmea hupata kama theluthi moja tu. Kwa tani mbili zenye kilo 20 za naitrojeni, mahindi yataona kilo sita au saba. Hiyo ni chini ya theluthi ya mfuko wa urea. Mkulima aliyeambiwa "tia samadi, achana na urea" anatia tani zake mbili, mahindi yanakuwa ya njano ifikapo Januari, na mwaka unaofuata hataki tena kusikia habari za samadi. Nimeshuhudia hilo kwa macho yangu, na simlaumu.

Lakini mtu huyohuyo akiendelea mwaka wa pili na wa tatu, mambo yanabadilika. Samadi ya mwaka juzi bado inatoa, ya mwaka jana inatoa, ya mwaka huu inaanza. Kufikia msimu wa tatu au wa nne, ile ekari inaweza kuwa inapata naitrojeni ya nusu mfuko au zaidi kutoka kwenye akiba yake yenyewe, pamoja na fosforasi, pamoja na potasiamu ambayo samadi inayo kwa wingi, pamoja na zinki. Hapo ndipo unapoweza kupunguza mfuko bila kupunguza gunia. Kupunguza mbolea ya viwandani kwa samadi kunakwenda kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ni fupi sana. Afisa ugani asiyemwambia mkulima jambo hili anamwandalia kukata tamaa.

Kenya wana shamba la majaribio pale Kabete, Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1976. Viwanja ni vilevile miaka yote, mahindi na maharage yakipokezana: kimoja hakitiwi kitu, kingine mbolea ya viwandani peke yake, kingine samadi peke yake, vingine vyote viwili, vingine na mabua yakiachwa shambani. Nikitafuta ushahidi ulio karibu na udongo wetu, huwa ninaanzia hapo. Viwanja vilivyopewa mbolea ya viwandani pamoja na samadi ndivyo vilivyoongoza kwa miaka mingi. Jambo la kuumiza ni kwamba kaboni ya udongo, ambayo ndiyo kipimo cha mboji, ilishuka hata huko. Samadi ilipunguza kasi ya kushuka tu. Tunapolima kila mwaka, hata tukifanya vizuri, tunatembea mteremko.

Kuna majaribio ya zamani zaidi, ya Broadbalk huko Rothamsted, Uingereza, ambayo yameendelea tangu 1843 kwa ngano. Wapenzi wa kilimo hai huyataja kuonyesha kwamba kiwanja cha samadi peke yake kilikwenda sambamba na vile vya mbolea ya viwandani. Ni kweli. Wasichotaja ni kwamba kiwanja kile hupewa tani 35 za samadi, ikiwa na maji yake, kwa hekta kila mwaka, yaani kama tani 14 kwa ekari. Nani mwenye tani 14 kwa ekari? Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa takribani tani moja ya kinyesi kikavu kwa mwaka mzima, na kama analala tu zizini na kushinda machungani, nusu yake au zaidi huanguka huko njiani. Kwa kipimo kidogo cha tani mbili, ekari moja inataka ng'ombe wawili wa kufungiwa ndani au wanne wa kuchunga.

Watu husahau kwamba samadi haiumbi virutubisho. Inavihamisha. Ng'ombe anakula nyasi mbugani, analala zizini, na fosforasi ya mbuga inaishia kwenye shamba la mwenye zizi. Wahaya wa Kagera walilijua hili tangu zamani. Kibanja chao cha migomba kiliota rutuba kwa sababu rweya, ile mbuga ya majani ya nje, ililishwa kwa ng'ombe na kukatwa kwa matandazo. Kibanja kilinenepa, rweya ikakonda. Wachaga nao hupandisha mabua na majani kutoka mashamba ya tambarare hadi kwenye kihamba, shamba la nyumbani kule mlimani, yakaliwa na ng'ombe wa kufungwa, yakaishia kwenye mgomba na kahawa. Ni mifumo ya busara, imedumu, ninaiheshimu kwa dhati. Lakini kila mmoja ulikuwa na mahali pa kuchukulia. Leo rweya zimelimwa na tambarare zimejaa watu. Kama kila shamba litataka kula shamba la jirani, nani ataliwa?

Vinavyoleta virutubisho vipya ndani ya duara ni vitatu hasa: mikunde, ambayo huchukua naitrojeni hewani, mwamba unaovunjika polepole sana, na mbolea ya viwandani. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaotaka tuitupe. Mbolea ya dukani ndiyo inayoleta fosforasi na naitrojeni shambani, ikafanya mahindi yaote makubwa, mabua yawe mengi, ng'ombe ashibe. Samadi inachukua kilichokwisha kuletwa na kukizungusha tena na tena kisipotee. Ukitia mfuko bila samadi, mali inavuja. Ukitia samadi peke yake kwenye nchi yenye udongo uliokwisha kufilisika, unazungusha umaskini.

Sri Lanka walifundishwa hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2021 serikali ya Rais Gotabaya Rajapaksa ilipiga marufuku kuingiza mbolea za kemikali, karibu kwa ghafla, ikitaka nchi nzima iende kwenye kilimo hai. Novemba ya mwaka huohuo marufuku ikaondolewa, lakini msimu ulikwishaharibika. Nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikabidi iagize nje, na chai ikaumia. Hawakushindwa kwa sababu samadi ni mbaya. Walishindwa kwa sababu hapakuwa na samadi ya kutosha, wala muda wa kuipanda ile ngazi niliyoitaja.

Sisi tulifundishwa kinyume chake mwaka uliofuata. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya gesi na ya mbolea, iliyokuwa imeanza kupanda tangu mwaka uliotangulia, ikapanda zaidi duniani, na mfuko wa DAP au urea ukawa juu ya laki moja huku kwetu. Serikali ikaja na ruzuku, Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Mbeya siku ya Nane Nane, na kwa mkulima aliyejiandikisha DAP na urea zikashushwa hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Iliokoa watu. Shangazi alikuwa kwenye foleni hiyo na alipata. Sitaki hata kidogo kuidharau ruzuku ile.

Lakini tazama inavyohesabiwa: kwa mifuko. Mkulima anaandikishwa, anapewa namba, namba inampa mfuko. Afisa anaripoti mifuko. Bungeni wanauliza mifuko. Hata malengo ya bara zima yamezoea lugha hiyo. Abuja mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliahidi kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na ahadi hiyo haikutimia. Mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 ulikuwa hatua mbele kwa kuwa ulitia afya ya udongo ndani ya jina lake, na azimio lake linataka uzalishaji na usambazaji wa mbolea, za viwandani na za asili, uongezeke mara tatu kufikia 2034. Neno "asili" limeingia kwenye karatasi. Swali langu ni moja: katika bajeti ya halmashauri, linasomeka kwenye kifungu gani?

Maana samadi haikosekani kwa sababu wakulima hawaijui. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo tunapokosea kuliko pote.

Ziwa Victoria lina kisiwa kidogo kiitwacho Ukara, katika wilaya ya Ukerewe. Udongo wake ni wa kichanga, watu ni wengi. Tangu kabla ya Wakoloni, Wakara walilima kwa namna iliyowashangaza wageni wote waliofika. Ng'ombe waliwekwa ndani ya nyumba, kwenye shimo, wakaletewa majani na nyasi, na samadi yote pamoja na mkojo ikanyonywa na matandiko, kisha ikabebwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya mikunde, wakaifukia ioze. Walijua mboji, walijua mikunde, walijua kutopoteza mkojo, na yote hayo bila semina.

Kisha baadhi yao wakahamia bara, Usukumani na kwingineko, ambako ardhi ilikuwa tele. Wakaacha. Mfumo wote, samadi, marejea, ng'ombe wa ndani, wakauweka chini, wakalima kama majirani zao. Hawakusahau. Ilikuwa kazi kubwa mno, na palipokuwa na ardhi ya kupumzisha, haikulipa. Watu wenye ujuzi kuliko karibu wote nchini waliuacha ujuzi wao pale tu walipopata njia yenye jasho kidogo.

Nikikumbuka Wakara, mafunzo tunayowapa wakulima hunikosesha raha. Tunawafundisha faida za samadi watu ambao wanazijua, halafu tunaondoka bila kugusa kinachowazuia, ambacho ni uzito. Mfuko wa urea unafika kwa bodaboda. Tani mbili za samadi hazifiki kwa bodaboda. Mkokoteni wa maksai unabeba kama nusu tani. Zile ndoo mia mbili za mama mmoja zinageuka safari nne. Hiyo ndiyo tofauti kati ya samadi inayobaki zizini na samadi inayofika shambani. Kama serikali iliweza mwaka 2022 kulipia karibu nusu ya bei ya mfuko wa urea, inaweza pia kusaidia kikundi cha kijiji kununua mkokoteni na jozi ya magurudumu, na kuifungua njia ya shambani ili mkokoteni upite. Mkokoteni utafanya kazi misimu mingi. Mfuko unaisha Machi.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, miongoni mwa makundi makubwa kabisa barani Afrika. Namba hiyo hupendwa sana kwenye hotuba za kilimo hai. Lakini wengi wa ng'ombe hao wako Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Tabora na kanda ya kati, wakati walaji wakubwa wa mbolea ni Ruvuma, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa. Samadi ya Meatu haitapanda lori kwenda Mbinga. Ni nzito mno kwa thamani yake. Kwa hiyo sera moja ya nchi nzima haina maana. Usukumani, ambako watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru walikuwa wakipima samadi kwenye pamba tangu enzi za Waingereza, kazi ni kuitoa ile iliyorundikana kwenye mazizi miaka na miaka. Sehemu nyingine huko haina miti na kinyesi huchomwa jikoni kama kuni. Hapo huwezi kusema samadi bila kusema nishati. Nyanda za Juu Kusini kazi ni nyingine: kuacha kuchoma mabua, kupanda mikunde, kutumia chokaa, na kuitunza vizuri ile samadi chache iliyopo.

Na utunzaji wenyewe ni duni, nasema bila kuficha. Nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, au zaidi, imo kwenye mkojo. Kwenye zizi la udongo mkojo unazama na kupotea. Kinyesi kikibaki juani, ammonia inaruka. Ile harufu kali inayochoma pua ndiyo pesa inayopaa. Mvua za Novemba zikilikuta rundo wazi, potasiamu inatiririka kwenye mfereji. Samadi ya aina hiyo ikifika shambani inakuwa na mchanga mwingi kuliko rutuba, na mkulima akisema haina nguvu, anasema kweli. Matandiko ya mabua au majani makavu ndani ya zizi, sakafu iliyoshindiliwa au ya mawe, rundo lenye kivuli na kufunikwa kwa majani ya mgomba, hivi havihitaji kiwanda. Rundo linalopikwa vizuri huwa la moto katikati. Ukichomeka fimbo ukaiacha kidogo, ukaichomoa, inatoka na joto. Ikitoka ya baridi na rundo bado lina majani mazima, geuza, tia maji.

Mimi mwenyewe niliwahi kuunguza nyanya mia mbili kwa haraka yangu. Nilitia samadi mbichi ya kuku, ambayo ina naitrojeni mara tatu ya ile ya ng'ombe, wiki moja kabla ya kuhamisha miche. Miche ilikauka kuanzia chini. Samadi isiyoiva huleta pia mbegu za magugu na funza wanaokata mizizi, na mtu akishapata hasara hiyo ni vigumu kumrudisha.

Siku hizi zipo pia mbolea za mifuko zinazochanganya asili na madini. Burundi walikwenda mbali zaidi yetu. Mpango wao wa taifa wa mbolea ulichukua bidhaa za kiwanda cha FOMI, zinazotengenezwa kwa samadi na madini pamoja, na kampuni yenye asili hiyo imejenga kiwanda Nala, Dodoma. Nazipokea kwa furaha. Zinazalishwa jirani, na zinampunguzia mkulima utegemezi wa meli. Ila mkulima asiambiwe kwamba mfuko huo ni mbadala wa rundo la zizini. Kilo 50, hata zingekuwa mboji tupu, ni kilo 50, na ekari iliyokauka inataka tani. Tena bidhaa yoyote yenye neno "asili" kwenye mfuko inahitaji kupimwa kwa ukali uleule. Kenya mwaka 2024 wakulima waliuziwa, ndani ya mpango wa ruzuku, mifuko iliyokuwa na vitu visivyo mbolea, na msimu hausubiri fidia.

Kwa ekari moja ya mahindi, hivi ndivyo ningefanya, na ndivyo tulivyokubaliana na shangazi. Nafasi ya sentimita 75 kwa 60 inatoa mashimo karibu 8,900. Tani mbili za samadi iliyoiva zinaingia viganja viwili kila shimo, badala ya kutapanywa shamba zima na kulisha magugu. Juu yake udongo kidogo, kisha kisoda kimoja cha DAP; kisoda kimoja kila shimo kinamaliza mfuko mmoja kwa ekari. Urea ya kukuzia ibaki mfuko mzima mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, kama mahindi yana kijani kizito, robo ipunguzwe kwenye mistari michache kwanza, mingine iachwe ilivyo, ilinganishwe siku ya kuvuna. Mwaka wa tatu ajaribu nusu. Mabua yasichomwe. Maharage au marejea yaingie kati. Udongo upimwe pH mapema, na kama uko chini ya 5.5, pesa ya mfuko wa pili wa urea inunue chokaa.

Oktoba alinipigia simu. Alikodi mkokoteni wa kijana wa jirani, ukaenda safari nne kwenye shamba la chini, lile lililo karibu na barabara, na samadi yote ya ng'ombe wake wawili ikaishia hapo. Niliuliza kuhusu shamba la juu, lile la vumbi jeupe. Akasema huko njia imekatwa na korongo, mkokoteni haupiti, na yeye kichwani hawezi tena. Huko ametia urea.